Kwa nini kompyuta hudai intaneti ili ipate intaneti?

Kijana wa Dzaleka anayepata kompyuta ya mkononi iliyokwishatumika na kuiwekea mfumo wa Linux, usiotozwa fedha, huenda akakutana na fumbo: kompyuta haioni Wi-Fi, na dawa ya tatizo hilo imo kwenye intaneti.

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika lililokuwa gereza wilayani Dowa, takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Wakazi wake wengi walitoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Kambini kuna masomo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao pamoja na mafunzo ya kuandika programu yaliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Burundi, Remy Gakwaya. Lakini serikali ya Malawi huwataka wakimbizi waishi kambini, na amri hiyo ilikazwa mwaka 2023. Kwa hiyo safari ya kwenda Lilongwe kufuata faili si ya kurudiwarudiwa.

Kiini na moduli zake

Keneli ni kiini cha mfumo endeshi: ndiyo inayoziunganisha programu na vifaa vya kompyuta. Moduli ni kipande kinachoongezwa kwenye keneli ili itambue kifaa fulani, kwa mfano kadi ya Wi-Fi. Moduli nyingi huja pamoja na Linux. Nyingine hutolewa kama msimbo tu, na mwenye kompyuta hulazimika kuziunda mwenyewe.

Kazi hiyo huhitaji kompaila gcc, programu ya make na kifurushi cha faili za vichwa vya keneli, ambacho jina lake huanza na linux-headers. Kila kifurushi hutegemea vingine. Katika Debian 12, kwa mfano, linux-headers hudai pia linux-kbuild na kifurushi cha kompaila inayolingana. Kimoja kikikosekana, kazi husimama.

Kosa linalogharimu safari

Vichwa lazima vilingane kikamilifu na keneli inayotumika. Kabla ya kumwagiza mtu aliyeko Lilongwe au Madisi, andika jibu la amri uname -r, toleo la mfumo, na aina ya prosesa. Iwapo vichwa vya keneli yako vimekwisha kuondolewa kwenye ghala la mtandaoni, agiza keneli mpya na vichwa vyake kwa pamoja, vikiwa na vyote vinavyovitegemeza.

Kabla ya hayo yote, jaribu simu. Ukiiunganisha kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti, mara nyingi Linux huitambua bila moduli ya ziada. Amri ya apt itakusanya vifurushi vyote yenyewe.

Keneli inapobadilika

Moduli iliyoundwa leo inaweza kukataa kufanya kazi baada ya keneli kusasishwa. Programu ya DKMS, iliyobuniwa katika kampuni ya Dell, huiunda upya kila keneli mpya inapoingia, mradi vichwa vyake vipo. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa Debian huweka linux-headers-amd64, na wa Ubuntu linux-headers-generic, vifurushi vinavyovuta vichwa vipya kila mara. Asiyefanya hivyo huenda akaamka siku ya mtihani na kuikuta Wi-Fi imetoweka tena.