Kasindi: gari la vita linaloenea kwenye kiganja

Ukishuka Kasindi toka Beni, kilomita 80 hivi, macho yanaenda kwanza kwa makamyo. Yanapanga mstari kuelekea mto Lubiriha, yanangoja duani, yanangoja karatasi, yanangoja mtu mwenye muhuri. Ng'ambo ni Mpondwe, Uganda. Siku hiyo nami nilikuwa nangoja: viatu vya mpira vya wachimbaji wetu vilikuwa ndani ya kamyo moja, na kamyo haikusogea tangu asubuhi. Ndipo mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 17, akanivuta mkono.

« Mjomba, kuja uone kamyo yangu. Yenyewe imeshapita bariera. »

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Juu ya kibao palikuwa na gari la askari, urefu wake sentimita 20. Mabati yake ni mikebe ya sardina na ya maziwa ya unga, imepigwa nyundo mpaka ikanyooka. Magurudumu ni vifuniko vya chupa za maji, vimevikwa mpira wa kandambili. Kioo ni plastiki ya chupa. Matope kwenye vizibao vya magurudumu, moshi mweusi nyuma ya bomba, kutu imeshuka toka kwenye misumari ya mlango kama machozi. Nilikaa nikaangalia. Mimi nimezoea mashine zilizochoka, kazi yangu ni migodini. Ile gari ilikuwa imechoka kwa namna ya kweli.

Watoto wetu tangu zamani wanatengeneza gari za waya, za mabua, za mikebe. Sisi wote tulisukuma. Lakini huyu hasukumi. Yeye anapima, anapaka rangi, kisha anachakaza. Ulaya na Japani kuna watu wazima, wababa wenye mvi, ambao kazi yao ya jioni ni hiyo hiyo: wananunua boksi ya vipande vya plastiki vya kifaru au ndege ya vita, wanaunganisha, wanapaka rangi, halafu wanakichafua kifanane na kile kilichotoka vitani. Kampuni Tamiya ya Japani ilianza miaka ya 1960 kuuza vifaru vya kipimo cha 1 kwa 35, na hesabu hiyo ilitoka kwa jambo dogo sana: ukubwa huo njo ulitosha kuingiza mota na betri ndani. Mpaka leo ni kipimo cha dunia nzima kwa magari ya vita.

Njiti moja ya kiberiti

Kijana wetu hana boksi wala duka la kuuza hizo boksi. Ana njiti ya kiberiti. Mtu wa mita 1 na sentimita 75, ukimgawa kwa 35, anabaki sentimita 5, karibu na njiti. Kwa hiyo njiti njo askari wake. Kila kitu anakipima nayo: mlango lazima njiti ipite, kiti lazima njiti ikae, ngazi lazima njiti ifikie. Kamyo ya mita 7 inakuwa sentimita 20. Gurudumu la mita 1 linakaribia sentimita 3, na hapo kifuniko cha chupa kinaenea chenyewe.

« Wengine banakosea hapa, » aliniambia. « Banatengeneza gari kubwa na mtu mudogo. Gari inabakia ya mutoto. »

Rangi anaipata kwa wapiga rangi wa magari: mabaki ya chini ya kopo, ya kijani, nyeupe, ya udongo. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kupaka nene. Rangi nene inafunika misumari na mistari yote uliyotafuta kwa shida. Yeye anaipunguza na mafuta ya kuyeyushia rangi, anapaka nyepesi mara tatu, na kila mara anaacha ikauke. Kosa la pili ni kutumia rangi ile ile ya gari kubwa bila kuibadilisha. Kitu kidogo kinaonekana cheusi kuliko kikubwa, kwa hiyo kijani lazima iongezwe nyeupe kidogo, kama gari unaliona toka mbali. Na isimeremete. Gari la vita linalomeremeta ni gari la gwaride.

Baada ya hapo njo kazi yenyewe. Anachukua rangi nyeusi na ya kahawia, anaitia maji mengi iwe kama chai, anaipaka juu ya gari lote. Inakimbilia kwenye mistari na pembe, kivuli kinajitengeneza. Ikikauka, anachovya pinso katika rangi nyeupe-nyeupe, anaipangusa kwenye kitambaa mpaka ibaki karibu kavu, kisha anapitisha juu ya makali. Kila kichwa cha msumari kinatokea. Mbinu hizi mbili zilijulikana sana duniani miaka ya 1970 na 1980 kupitia Mbelgiji François Verlinden, aliyeziandika na kuzionyesha katika vitabu vyake vya maketi. Kijana wa Kasindi hajawahi kumsikia. Amezipata kwa kuangalia makamyo.

Kutu haianzii popote

Hapo njo nilipata neno la kumfundisha nami. Kwenye gari la kwanza alikuwa amepaka kutu kila mahali kama ugonjwa wa ngozi. Nikamwambia: hapana, kutu ina sababu. Kwenye kompresa na pampu zetu za mgodini, inaanzia pale maji yanakaa, kwenye kiungo, chini ya msumari, pale rangi imekwaruzwa. Kisha inashuka, haipandi. Kinyume chake, pale mkono unashika kila siku na pale kiatu kinakanyaga, chuma kinang'aa. Mafuta yanamwagika karibu na kifuniko cha tanki. Moshi unapaka nyuma ya bomba, si mbele. Kabla ya kuchafua gari, uliza: nani alilipanda? Alishukia upande gani? Lilipita wapi?

Alicheka, akaniletea chupa ndogo za dawa, tupu, zimejaa udongo. Kila chupa ina jina. Anakwangua matope chini ya makamyo yanaposimama: Beni, Butembo, Komanda, Manguredjipa. Udongo mwekundu wa Butembo nilioutambua bila kusoma. Anausaga, anachanganya na kole ya mbao na maji, anapaka chini ya gari tu, mpaka nusu ya gurudumu. Juu ni vumbi kavu peke yake, limepulizwa kwa mdomo. Gari lililotoka Butembo halipakwi matope ya mahali pengine. Nikaona huyu mtoto ana macho ya mchimbaji: anasoma safari ya mtu kwenye udongo wa kiatu chake.

Rangi nyeupe

Sasa tufike penye shida. Gari la tatu kwenye kibao lilikuwa jeupe, na herufi mbili nyeusi mlangoni: UN.

Mama yake, yaani dada yangu, hakutaka kuliona. « Nimemwambia alivunje. Batu ba kartiye batasema nini? » Na si yeye peke yake. Hapa Kasindi rangi nyeupe si rangi tu. Tarehe 31 Julai 2022, siku ya Mungu, askari wa MONUSCO waliokuwa wanarudi toka likizo walifyatua risasi pale pale bariera. Watu walikufa, wengine wengi wakaumia, na video ilizunguka kwenye simu zote. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alilaani. Wiki hiyo hiyo Goma na Butembo zilikuwa zimewaka kwa maandamano, na damu ilimwagika kwa raia na kwa askari wa kofia za buluu pia. Halafu tarehe 15 Januari 2023 bomu likalipuka kanisani hapa Kasindi, watu wako kwenye ubatizo. Katika mji kama huu, mtoto anakaa anapaka vizuri gari la askari. Unamwambia nini?

Nilimuuliza kwa nini ametengeneza hilo.

« Mjomba, mi napaka ile inapita. Ya FARDC inapita, napaka. Ya Uganda inapita, napaka. Hii nayo ilipita. Nikiacha, itakuwa kama haikupita. »

Nilibaki kimya. Sisi wa sendika tunasema neno hilo hilo tukiandika majina ya waliofunikwa na mgodi: tusipoandika, itakuwa kama hawakufa.

Lakini nilimwambia pia wasiwasi wangu, na ninauandika hapa sababu wazazi wengi wana swali hilo. Mtoto anayejua kila gari la vita kwa jina lake, kesho hataipenda vita? Nimefikiri sana. Waliochukua watoto wetu kuwapeleka porini hawakuwapata kwa kuwaonyesha maketi. Waliwapata kwa njaa, kwa kisasi na kwa kukosa kazi ya mikono. Huyu anakaa saa nne juu ya msumari mmoja. Ila nikamwekea masharti, na aliyakubali.

La kwanza: asipige picha ya askari wala ya gari lao pale mpakani ili apate mfano. Aangalie kwa macho, achore nyumbani. Simu ikielekezwa kwa bariera, mtu anaweza kulala kizuizini bila kujua kosa lake. La pili: asiokote ganda la risasi wala chuma asichokijua njiani au shambani kwa kutengenezea kitu. Chuma kisichojulikana hakishikwi, anaitwa mkubwa. La tatu: asitengeneze bunduki ya ukubwa wa kweli, hata ya mbao. Usiku haionekani kwamba ni ya mbao. La nne ni la mapafu: rangi za magari na mafuta yake afanyie nje, mbali na mbabula, na asisage rangi ya zamani iliyokauka na kuivuta puani, nyingine zina risasi ile ya madini, na hiyo inaharibu ubongo wa watoto wadogo wa nyumbani.

Gari jeupe halikuvunjwa. Alilimaliza kwa namna yake: vumbi la Kasindi tu, tairi kavu, mlango umefungwa. Mbele yake akaweka mti wa bariera wa kijiti, umeshuka. Hakuweka hata njiti moja. Nilimuuliza watu wako wapi. Akasema: « Ile siku, nani angebaki hapo? » Mtu mmoja alitaka kulinunua dola 5. Alikataa. Lile la kijani aliliuza bila shida.

Si kitu cha kucheka

Kuna watakaosema haya ni michezo ya watoto. Tukumbuke Mkongomani Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 na kufariki mwaka 2015. Alitengeneza majengo na miji mizima kwa karatasi, katoni na plastiki, kule Kinshasa. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris, na mwaka 2018 jumba la MoMA la New York lilimfungulia maonyesho makubwa. Alianza na mkasi na kole.

Tena, magari ya vita ya kweli nayo hayana heshima kubwa kuliko ya mikebe. Septemba 1961, kule Jadotville ambayo leo ni Likasi, mji wa wachimbaji wenzetu wa Katanga, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, kama watu 155, kilizingirwa siku tano mpaka kikakubali kushindwa. Magari yao ya chuma yalikuwa Ford, yaliyoundwa kwao wakati wa vita kuu ya pili: chasi ya kamyo, wakaivika mabati. Mtoto wetu naye anafanya hivyo hivyo.

Mimi kabla ya kuondoka nilimpa kazi, na nilimlipa. Nilimwambia: nitengenezee shimo la mgodi, kwa kipimo chako cha 1 kwa 35. Sheria yetu ya madini inakataza mchimbaji wa mkono kupita mita 30 kwenda chini. Alipiga hesabu: sentimita 86 hivi. Alikata upande mmoja wa boksi refu la mbao ili ndani paonekane, akapaka udongo toka ile chupa ya Manguredjipa, akaweka miti ya kuzuia ukuta, kamba, ndoo. Sehemu moja aliacha bila miti, na hapo alichora ufa mdogo, wenye unyevunyevu, kama nilivyomweleza.

Nililipeleka kwenye mkutano wetu. Miaka mingi nimewaambia PDG wa mashimo na wachimbaji wao kwamba miti ni ya lazima, na miaka mingi wameitika kwa kichwa tu. Safari hii sikusema mengi. Nililisimamisha shimo juu ya meza, nikachukua njiti moja ya kiberiti, nikaifunga uzi, nikaishusha polepole mpaka chini kabisa, pale penye ufa.

Ukiangalia toka juu, hata kichwa chake chekundu huoni tena. Mzee mmoja, mwenye shimo lake, alisimama, akainama juu ya lile boksi, akauliza: « Na huyu, tutamutosha je? »

Ndipo tulianza kuongea juu ya bei ya miti.