Udongo Katika Nguo

Petro anarudi nyumbani jioni. Mama anatazama suruali yake na kumwuliza: « Mwanangu, ulipita mtoni? » Petro hajasema neno. Ni nani basi aliyemshitaki? Ni matope ya mtoni yaliyokauka kwenye pindo la suruali.

Udongo wa kila mahali una chembe zake: mchanga, vumbi la mawe, makaa, majani yaliyooza. Tukipita, chembe hizo hushika nguo zetu. Udongo mkavu huanguka upesi tukitembea, lakini chembe ndogo sana hubaki katika nyuzi na mishono. Matope hushikamana zaidi, na yakikauka huwa kama ganda. Tukipita penye matope mengine, haya hukaa juu ya yale ya kwanza.

Mwaka 1904, katika nchi ya Ujerumani, mwanamke mmoja mshonaji aliuawa katika shamba la maharagwe. Hapo ilionekana leso chafu. Bwana Georg Popp wa mji wa Frankfurt, mwenye elimu ya kemia, aliichunguza kwa kioo cha kukuza vitu vidogo. Akaona makaa, tumbako ya kunusa na chembe za madini. Mtu mmoja alishukiwa: alifanya kazi penye makaa na penye changarawe, tena alikuwa akinusa tumbako.

Popp akachunguza suruali ya mtu yule. Akakuta tabaka mbili za udongo. Ule wa chini, ulioshika kitambaa, ulifanana na udongo wa mahali pa mauaji. Ule wa juu ulikuwa na chembe za ulanga, jiwe lile lenye kumetameta, kama udongo wa njia iendayo nyumbani kwake. Basi suruali ilionyesha safari yake: kwanza shambani, kisha njiani. Alipoelezwa hayo, alikiri kosa lake.

Kwa hiyo wapelelezi hawakung'uti nguo wala hawaifui. Huifunga katika karatasi safi, kila nguo peke yake, udongo usichanganyike.

Lakini tuangalie: watu wengi huweza kupita njia moja. Udongo peke yake hautoshi kumhukumu mtu. Lazima kutafuta ushahidi mwingine, asije akafungwa asiye na kosa. Mama yake Petro naye aliuliza kwanza.

Maulizo
1. Udongo gani huanguka upesi, na upi hushikamana?
2. Tabaka la chini lilionyesha nini?
3. Kwa nini udongo peke yake hautoshi?