Mazoezi ya Mwili Si Kazi ya Wiki Moja

Mwezi Agosti mwaka 2022 mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ulipokea mashindano ya Ironman 70.3, yaliyofanyika nchini Rwanda kwa mara ya kwanza. Kila mshindani alitakiwa kuogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, kuendesha baiskeli kilomita 90, kisha kukimbia kilomita 21.1, yote hayo katika siku moja. Mashindano ya namna hiyo huacha nyuma yake kitu kimoja katika kila mji yanakopita, nacho ni hamu ya watazamaji kujaribu nao.

Hamu hiyo ni njema, ila ina hila yake. Mtu aliyekaa nyuma ya meza kwa miaka kumi huwaona wanariadha leo, kesho hununua viatu, na keshokutwa hutaka kukimbia kutoka ufukweni hadi juu ya mlima Rubavu. Siku ya tatu magoti yanamuuma hata kuketi ni shida. Wiki ya pili viatu vimekwisha tupwa chini ya kitanda, naye anawaambia jamaa zake kwamba hakuumbwa kwa mazoezi. Haraka ndiyo iliyomshinda.

Mwili haukui kwa kasi moja katika viungo vyote. Moyo na mapafu huanza kuizoea kazi baada ya wiki chache tu. Misuli hufuata. Lakini kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, huhitaji miezi. Ndiyo maana mtu anayeanza hujisikia, karibu na mwezi wa pili, kwamba pumzi anayo ya kutosha na kwamba sasa anaweza kwenda mbali, ilhali goti na kisigino bado havijawa tayari. Wengi huumia katika kipindi hicho hicho cha kujiamini.

Gisenyi yenyewe ni mwalimu mkali. Uso wa Ziwa Kivu uko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Mgeni aliyezoea Mombasa au Dar es Salaam atahema mapema, wala asione haya, maana hewa ya juu ni nyepesi. Barabara ya ufukweni, yenye miti ya kivuli na ardhi tambarare, ndiyo mahali pa kuanzia. Milima ingoje. Tena watu huogopa kupanda wakasahau kushuka, kumbe mteremko ndio unaoumiza mapaja zaidi, kwa sababu misuli hulazimika kuuzuia mwili huku ikinyooshwa. Maumivu yake huja kesho yake, au hata siku ya pili, yakapungua yenyewe. Ni maumivu ya kawaida. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au goti linalovimba si ya kawaida, na mwenye kuyapata hana budi kuacha na kwenda kituo cha afya. Aliyekwisha ambiwa kwamba ana shinikizo la damu au kisukari aonane na mganga kabla ya kuanza.

Magonjwa hayo mawili ndiyo yanayolifanya jambo hili lisiwe mchezo wa vijana peke yao. Hayabishi hodi. Baba wa nyumba huweza kukaa nayo miaka bila kuumwa popote, mpaka siku anayoanguka. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za shughuli inayochangamsha mwili, kama kutembea kwa haraka. Ukizigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutoa jasho jingi, na faida yake kwa kijiji ni kubwa, lakini siku moja kwa mwezi haiutoshi mwili.

Anayeanza na aanze kwa kutembea dakika 20, mara tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini usiomruhusu kuimba. Kila wiki aongeze dakika chache tu, na kila wiki ya nne apunguze kidogo ili viungo vipate kupumzika. Kukimbia kuje baadaye, dakika moja moja katikati ya kutembea. Daftari la senti chache litamsaidia kuliko saa ya mkononi ya bei kubwa: aandike siku, dakika, na jinsi alivyojisikia. Mizani asiitegemee mno, kwa kuwa uzito hupanda na kushuka kwa sababu ya maji tu, na wengi wamekata tamaa kwa ajili yake wakati moyo wao ulikuwa umekwisha pata nguvu. Kilima alichokipanda mwezi uliopita kwa kusimama mara tatu ni kipimo cha haki zaidi.

Haifai, hata hivyo, kuhubiri mambo haya kwa kila mtu. Mama anayevuka mpaka kwenda Goma na mzigo kichwani, au mvuvi aliyepiga kasia usiku kucha akitafuta sambaza, hahitaji kuambiwa akimbie. Huyo anahitaji usingizi na chakula. Wanaohusika hasa ni makarani, walimu, wenye maduka na madereva, ambao kazi zao zimewaketisha.

Kwa hao, kufanya mazoezi pamoja na wenzao kunasaidia kuliko ari ya mtu peke yake. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni 2 walikutana kila wiki katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Mkutano wa kila wiki ndio uliowafanya waendelee, kwani ni vigumu kutofika mahali ambapo jirani anakungoja. Watu watatu wa mtaa mmoja waliopatana kukutana saa kumi na mbili asubuhi wanaweza kupata nguvu hiyo hiyo.

Kuhusu chakula, Gisenyi haina haja ya dawa za kopo. Maharage, mboga, viazi, na sambaza wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao yenye chokaa ya kujenga mifupa yetu, vyatosha. Tatizo liko upande wa kinywaji. Mji huu una kiwanda cha bia cha tangu mwaka 1957, na ni desturi ya wengi kujipongeza baada ya mazoezi. Nusu saa ya kutembea hailipi deni la chupa kubwa moja.

Masika yakianza, mwezi Machi, siku nyingi zitapotea. Mtu apande na kushuka ngazi au kizingiti cha nyumba yake kwa dakika kumi, mvua ikinyesha. Akiugua au akisafiri wiki mbili, asijaribu kufidia: arudi kwenye nusu ya dakika zilizoandikwa mwisho katika daftari, aongeze tena taratibu kutoka hapo.