Kifua Kikuu Kinapoingia Ubongoni

Watu wengi wakisikia kifua kikuu hufikiri habari za kukohoa tu. Lakini vijidudu vya ugonjwa huo huweza kuchukuliwa na damu mpaka kwenye ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa huanza kwa homa, kuumwa na kichwa siku nyingi, kutapika na kukonda. Baadaye shingo hukakamaa na akili huchafuka. Jamaa zake pengine hudhani amerogwa, na siku zenye thamani kuliko zote hupotea.

Kabla ya kupatikana dawa ya streptomaisini katika miaka ya 1940, karibu kila mgonjwa wa namna hii alikufa. Dawa zilipokuja, jambo moja liliwashangaza madaktari: vijidudu vilikuwa vikifa, na huku mgonjwa pengine akizidi kuwa mahututi. Sababu ni kwamba mwili wenyewe hupigana na vijidudu hivyo kwa nguvu, na mahali pa vita huvimba. Jipu la mguuni lina nafasi ya kuvimba. Ubongo umefungwa ndani ya mfupa. Uvimbe huziba njia za maji ya ubongo na kubana mishipa ya damu, na sehemu ya ubongo ikikosa damu hufa.

Kwa hiyo, pamoja na dawa za kuua vijidudu, hutolewa dawa ya kutuliza uvimbe iitwayo deksamethasoni. Nguvu yake ilipimwa huko Vietnam kwa wagonjwa 545, habari zikatangazwa mwaka 2004. Karibu nusu yao walipewa dawa hiyo. Wengine walipewa kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani. Katika miezi 9 walikufa 87 kati ya 274 waliopewa, na 112 kati ya 271 wasiopewa. Hayo si maisha machache. Hata hivyo haikuonekana wazi kwamba ilipunguza ulemavu mkubwa. Na uchunguzi wa Vietnam na Indonesia uliotangazwa mwaka 2023 haukuthibitisha faida yake kwa watu wazima wenye virusi vya ukimwi.

Yafaa ijulikane kwamba dawa hii haiui kijidudu hata kimoja. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa majuma 6 hadi 8, wala haikatwi ghafula. Dawa za kifua kikuu zenyewe huendelea, kwa kawaida kwa miezi 9 hadi 12, hata kama mgonjwa amekwisha rudi shambani kwake.