KUZIBA MATUNDU YA KIVINJARI: WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Wanaushirika wana msemo wao wa tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi daftari hilo lilikuwa la karatasi, likifungiwa katika kabati la chuma, na funguo zake zikikaa kwa katibu. Siku hizi sehemu kubwa ya daftari imehamia katika kompyuta. Nchini Tanzania vyama vya ushirika hutumia Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, ulio chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Na mfumo huo hufunguliwa kwa njia ya intaneti. Vipo pia vyama ambavyo huangalia hesabu zao za benki kwa njia hiyo hiyo.

Kabati la chuma lina mlango ambao kila mtu anauona. Daftari la kompyuta nalo lina mlango wake, na mlango huo ni kivinjari. Makala hii inaeleza jinsi matundu yanavyotokea katika mlango huo, jinsi yanavyozibwa, na sehemu ya kazi hiyo iliyo mikononi mwa chama chenyewe.

Kivinjari ni nini?

Kivinjari ni programu inayoleta kurasa za intaneti na kuzionyesha katika kioo cha kompyuta au cha simu. Vinavyojulikana zaidi ni Chrome ya kampuni ya Google, Firefox ya Mozilla, Edge ya Microsoft na Safari ya Apple.

Kazi ya kivinjari yaonekana nyepesi, lakini sivyo. Ukurasa mmoja huleta maandishi, picha, sauti, na pia maagizo ambayo kompyuta hutakiwa kuyatekeleza papo hapo. Vitu hivyo vyote hutoka kwa watu ambao mwenye kompyuta hawajui. Kivinjari kinafanana na karani wa mapokezi anayepokea vifurushi vya kila mgeni na kuvifungua yeye mwenyewe, mchana kutwa, huku nyuma yake pakiwa na kabati la hesabu.

Tundu hutokeaje?

Programu ya kivinjari ina mamilioni ya mistari ya maagizo yaliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Makosa mengi ni ya usumbufu tu: picha haionekani, au ukurasa hujifunga. Lakini yapo makosa ambayo mtu mwovu aweza kuyatumia kuiamrisha kompyuta ya mwenzake. Hayo ndiyo huitwa matundu ya usalama.

Mfano wa ghala utasaidia kulifahamu jambo hili. Mtunza ghala ametenga nafasi ya magunia 100. Mleta mzigo analeta magunia 120, na mtunza ghala hakuhesabu. Magunia 20 yaliyozidi yatawekwa juu ya mali ya mtu mwingine. Ndivyo inavyokuwa katika kumbukumbu ya kompyuta: programu hutenga nafasi ya kiasi fulani, kisha hupokea vitu vingi zaidi bila kuvihesabu, na ziada hufunika yaliyokuwa jirani. Ikiwa jirani ni sehemu inayoongoza mwenendo wa programu, basi aliyeleta mzigo amepata usukani. Mwaka 2020 Google ilieleza kwamba kiasi cha asilimia 70 ya matundu mazito ya usalama yaliyoonekana katika Chrome yalitokana na makosa ya kumbukumbu.

Mfano wa Septemba 2023

Tarehe 6 Septemba 2023, Google ilipokea taarifa ya tundu kutoka kwa wataalamu wa usalama wa kampuni ya Apple pamoja na Citizen Lab, kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Tundu hilo lilipewa nambari CVE-2023-4863. Lilikuwa ndani ya kipande cha programu kinachofungua picha za aina ya WebP.

Picha za WebP hubanwa ili zisafiri upesi, na ndani yake huwa na majedwali yanayoieleza kompyuta namna ya kuzikunjua. Programu ilitenga nafasi kwa majedwali yaliyo sahihi. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kuleta jedwali lililovuruga hesabu hiyo, na ziada ikamwagika nje ya nafasi iliyotengwa, sawasawa na yale magunia 20. Uzito wa jambo ulikuwa hapa: mtumiaji hakuhitaji kupakua faili wala kutoa neno lake la siri. Kufungua ukurasa wenye picha ya namna hiyo kulitosha kuanzisha shambulio.

Google ilitoa marekebisho ya Chrome tarehe 11 Septemba, yaani siku 5 baada ya kupata taarifa, na ikatangaza kwamba njia ya kulitumia tundu hilo ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Siku iliyofuata Mozilla ilitoa marekebisho ya Firefox. Vivinjari vya kampuni mbalimbali viliguswa kwa pamoja kwa sababu vyote vilitumia kipande kile kile cha programu.

Safari ya marekebisho

Matundu mengi hupita katika hatua zinazofuatana. Kwanza, mtu huligundua tundu na kuwaarifu watengenezaji kwa siri. Mozilla ilianza kuwalipa zawadi watoa taarifa wa namna hiyo mwaka 2004, na Google ikafanya hivyo kwa Chrome mwaka 2010. Pili, mafundi hurekebisha maagizo yenye kosa na kuyajaribu. Tatu, toleo jipya husambazwa kwa njia ya intaneti likiwa na sahihi ya kidijitali, ambayo kompyuta huikagua ili ihakikishe kwamba toleo limetoka kwa mtengenezaji wa kweli. Nne, kivinjari hufungwa na kufunguliwa upya, na hapo ndipo toleo jipya huanza kufanya kazi.

Hatua tatu za mwanzo hufanywa na watu walio mbali. Hatua ya nne hufanywa mezani kwa katibu, na ndipo kazi nyingi hukwama. Kivinjari cha kisasa hupakua sasisho chenyewe kimya kimya, lakini hakiwezi kubadili programu inayoendelea kutumika. Katibu ambaye hafungi kivinjari chake, bali hufunika kompyuta jioni na kuifunua asubuhi, aweza kukaa majuma kadhaa na tundu ambalo dawa yake imekwisha kufika ndani ya kompyuta ile ile.

Hatari ya kuchelewa

Wengine hudhani kwamba tundu likishatangazwa kuwa limezibwa, hatari imepungua kwa wote. Kwa aliyesasisha, ni kweli. Kwa aliyechelewa, hatari huongezeka. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya maagizo ya Chrome na Firefox iko wazi kwa kila mtu kuyasoma. Mdukuzi aweza kulinganisha toleo la zamani na jipya, akaona kilichobadilishwa, na kwa hivyo akajua mahali lilipokuwa tundu. Ni kama fundi anayepiga lipu ukutani: kiraka chake kinamwonyesha mpita njia mahali ambapo nyumba za jirani, zilizojengwa kwa ramani hiyo hiyo, zina ufa.

Kwa sababu hii Google huweza kuficha maelezo kamili ya tundu mpaka watumiaji walio wengi wawe wamesasisha. Na kwa sababu hiyo hiyo, tangu Agosti 2023, kampuni hiyo ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Chrome kila wiki, ili kufupisha muda kati ya kurekebisha kosa na kuwafikishia watu dawa yake.

Ni kweli kwamba kivinjari kina kinga nyingine. Kurasa hufunguliwa ndani ya chumba cha pekee kisichokuwa na ruhusa ya kugusa mafaili ya kompyuta, na mara nyingi mshambuliaji huhitaji matundu mawili: moja la kuingia chumbani na lingine la kutokea. Lakini wadukuzi hodari hutafuta yote mawili, na aliyeacha moja wazi amewapunguzia nusu ya kazi.

Ikumbukwe pia kwamba hasara haitakuwa ya katibu peke yake. Daftari la wanachama lina majina, namba za simu, hesabu za benki na kiasi cha mazao ya kila mkulima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezitunza taarifa za watu nchini Tanzania azilinde. Mkulima aliyepima mazao yake na kusubiri malipo hana njia ya kukagua kompyuta ya chama. Amewaamini viongozi wake.

Mambo ya kutekeleza

1. Katibu afunge kivinjari kabisa kila jioni, na kukifungua upya kila asubuhi. Alama ya sasisho ikitokea, asiahirishe hadi kesho.

2. Mara moja kwa juma toleo likaguliwe. Katika Chrome hubonyezwa nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, kisha Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome. Kivinjari kitatafuta sasisho chenyewe na kueleza kama kimefikia toleo la karibuni.

3. Gharama ya bando la sasisho iingizwe katika makisio ya chama, kama inavyoingizwa gharama ya kufuli na ya mlinzi. Si haki katibu aachiwe kulipa kutoka mfukoni mwake, kwani atakayelipa mwenyewe atashawishika kuahirisha.

4. Kompyuta kuukuu zichunguzwe. Toleo la 109 la Chrome, lililotoka Januari 2023, lilikuwa la mwisho kwa mashine za Windows 7 na Windows 8.1. Mashine iliyobaki hapo haipati viraka vipya vya Chrome. Isitumike kwa kazi za benki wala za MUVU, hata ikiwa bado inawaka vizuri.

5. Wafanyakazi waonywe juu ya masasisho ya uongo. Ukurasa wa intaneti unaotangaza kwamba kivinjari kimezeeka na kumtaka msomaji abonyeze hapo hapo, usiaminiwe. Sasisho la kweli hutafutwa ndani ya kivinjari chenyewe, kama ilivyoelezwa katika jambo la pili.

6. Simu inayotumika kwa kazi za chama ihesabiwe kuwa kompyuta, nayo isasishwe vivyo hivyo.

Hapana budi kusema kwamba kusasisha hakuzuii kila balaa. Neno la siri lililoandikwa ubaoni, au kupewa rafiki, halitalindwa na toleo lolote jipya. Lakini tundu ambalo mafundi wamekwisha kuliziba, na dawa yake ikatolewa bure, halina sababu ya kubaki wazi katika ofisi ya chama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo utajengwa kwa fedha za wanachama. Yafaa kila bodi imteue mtu mmoja wa kukagua matoleo, iandike jina lake katika muhtasari wa kikao, na imtake atoe taarifa kila mwezi pamoja na taarifa ya hesabu.