Dar es Salaam hadi Unguja kwa Ndege: Je, Swala Hupunguzwa?

Tunaliangalia suala linalowahusu wengi wanaovuka baina ya Dar es Salaam na Unguja. Wapo wanaopunguza Adhuhuri na Alasiri kila wavukapo, kwa kuwa tu wamepanda ndege na kuvuka bahari. Wapo pia wanaodai kwamba safari ya ndege haina mashaka, hivyo haipunguzwi swala hata ukienda mbali. Wote hao wameshika kipimo kisichokuwa chake.

Ruhusa yenyewe imo katika Suratun Nisaa, aya ya 101, na katika Sunna. Masafa yake kwa madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, ni marhala mbili, yaani farsakhi 16, au maili 48 za Kihashimi. Imam Bukhari ametaja kwamba Ibn Umar na Ibn Abbas (r.a.) walikuwa wakipunguza swala na kufungua saumu katika masafa hayo. Wanazuoni wa zama hizi wamekhitilafiana katika kuyageuza kuwa kilomita. Hesabu zinazotajwa zaidi ni 81 hivi, au 89.

Marhala mbili zilikuwa mwendo wa siku mbili kwa ngamia wenye mizigo, na hapo ndipo watu walipochanganya masafa na muda. Lakini Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na mwenye kuyakata masafa hayo kwa chombo katika saa moja anapunguza. Ndege haitoki nje ya kauli hiyo.

Sasa tupime. Uwanja wa Julius Nyerere, Kipawa, na ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, vimeachana kwa takriban kilomita 73. Ndege huchukua kama dakika 20, boti ya kasi kama saa mbili. Masafa hayajafika 81, sembuse 89. Wala hakujumlishwi kwenda na kurudi. Kinachohesabiwa ni kwenda tu. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda mjini Unguja anatimiza rakaa nne, na aliyepunguza itamlazimu arudie.

Kutoka Unguja hadi uwanja wa Pemba, kinyume chake, ni kama kilomita 125. Safari ni nusu saa tu, na swala hupunguzwa! Vivyo hivyo mkazi wa Dar es Salaam aliyekusudia tangu mwanzo kwenda Nungwi: safari yake haikomei uwanjani, kwani mbele yake zipo kilomita zaidi ya 50 za barabara.

Ibn Taymiyya yeye hakuweka mpaka wa masafa. Kwake safari ni ile ambayo ada ya watu huiita safari. Anayeifuata kauli hiyo kwa elimu hatumlaumu. Tunachokikataa ni mtu kuwa Mshafi anapokuwa nyumbani, kisha akaitafuta rai nyepesi akishika tiketi.

Limebaki la pale Kipawa. Uwanja umo ndani ya majengo ya jiji, na msafiri hapunguzi mpaka ayavuke majengo ya mji wake. Basi mkazi wa Dar es Salaam aendaye Pemba, akiswali Adhuhuri huku akingoja ndege, ataswali nne.