Batri ya lithiamu ndani ya jeep: tuanze na kulinda alternateri



Vijana wengi tunaotoka agronomie na veterineri tunafanya kazi na gari moja ya zamani na frigo moja ndogo ya volti 12. Ndani ya ile frigo mna chanjo ya kuku ya Newcastle, ambayo inapaswa kubakia kati ya digrii 2 na 8 tangu mjini mpaka kijijini. Ikipata joto, kwa macho chupa inabaki ileile, lakini kazi yake imekwisha. Mfugaji atakuja kujua siku kuku wake wanakufa, na siku hiyo hatalaumu frigo, atatulaumu sisi.

Njo maana wengi wanataka kutoa batri ya pili, ile ya risasi na asidi inayolisha frigo, na kuweka ya lithiamu mahali pake. Wazo ni zuri. Batri ya asidi ya amperi-saa 100 haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo unatumia 50 tu. Ya lithiamu ya ukubwa uleule inakupa 80 au zaidi bila kuumia, na uzito wake ni karibu kilo 12 badala ya 25 na zaidi. Aina inayofaa ni ile ya lithiamu, chuma na fosfati, ambayo imeandikwa LiFePO4. Hiyo haina kobalti hata kidogo, ingawa nchi yetu njo inaongoza dunia kwa kuchimba kobalti. Tusichanganye na batri za simu.

Shida inaanza pale mtu anasema: "Zote ni volti 12, toa ile, weka hii, nyuzi zibakie." Wazungu wanaosafiri na magari-nyumba, yale ya kulala na kupika ndani, wamekutana na shida hiyo na alternateri zao zikaungua. Jeep yetu iko na mpango uleule: moteri inazungusha alternateri, alternateri inajaza batri ya kudemare na pia batri ya pili.

Kwa nini alternateri inaungua? Batri ya asidi inajilinda yenyewe bila kujua. Kadiri inavyojaa, ndivyo inavyokataa umeme. Inaanza na amperi nyingi kwa muda mfupi, halafu inashuka taratibu, na alternateri inapumzika. Lithiamu iko tofauti. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana, kwa hiyo inakunywa kila kitu unachoipa, karibu mpaka dakika ya mwisho. Batri ya 100 iliyoshuka sana inaweza kuomba amperi 50, au hata kukaribia 100, na kuendelea hivyo saa nzima.

Sasa tuangalie alternateri yenyewe. Tuchukue ya amperi 80. Ile 80 iliyoandikwa juu yake ni ya moteri inayozunguka kwa kasi, tena kwa muda. Alternateri za kawaida zinageuza karibu nusu tu ya nguvu ya moteri kuwa umeme, na sehemu kubwa ya inayobaki inakuwa joto. Joto hilo linaondolewa na feni yake, na feni inazunguka pamoja na alternateri. Gari ikisimama ralanti, moteri inawaka lakini hautembei, feni inapunguza pumzi wakati lithiamu bado inaomba yote. Hapo vanishi ya nyuzi za ndani inaungua, na diodi zinakufa. Ukikwama kwenye matope saa mbili huku moteri inawaka ili frigo isizime, uko katika hali mbaya kuliko zote.

Kuna hatari ya pili. Batri nyingi za LiFePO4 ziko na mlinzi wa ndani anayeitwa BMS. Akiona seli moja imepita volti yake, anakata mara moja. Alternateri iliyokuwa inasukuma amperi 60 haiwezi kutulia mara moja vile. Volti inaruka juu ghafla na inaweza kuua diodi, redio au kompyuta ya gari. Kama batri ya kudemare ingali imefungwa vizuri, inameza sehemu ya mruko huo, lakini tusiitegemee.

Hatari ya tatu ni ya rele inayounganisha batri mbili. Rele nyingi zinafunga volti ikifika karibu 13.3 na kufungua ikishuka karibu 12.8. Batri ya asidi ikipumzika inashuka chini ya hapo, rele inafungua. Lithiamu iliyojaa inapumzika kwenye 13.3 hivi. Kwa hiyo rele inadhani moteri ingali inawaka, na batri mbili zinabaki zimeshikana usiku kucha.

Dawa ya yote matatu ni moja: kati ya alternateri na lithiamu tuweke kifaa cha kusema "inatosha". Kinaitwa sharjeri ya DC-DC. Inachukua umeme kwenye batri ya kudemare, inapandisha volti mpaka ile lithiamu inayotaka, mara nyingi 14.2 mpaka 14.6, na inapitisha amperi zilizoandikwa juu yake tu: 20, 30 au 50. BMS ikikata, alternateri bado inaiona batri ya kudemare. Moteri ikizimwa, sharjeri inasimama. Ile rele ya zamani inatoka.

Tununue ya amperi ngapi? Tupige hesabu. Sharjeri ya 30 inaomba karibu 34 upande wa alternateri, juu nayo inapoteza kidogo. Taa, feni na mahitaji mengine ya gari yanaweza kufika 20. Jumla ni 54 kati ya 80, na njiani inafaa. Ya 50 ingeomba karibu 57, tukiongeza 20 tunakaribia 80, hakuna nafasi ya kupumua. Kama gari yako inakaa sana ralanti, chukua ya 20.

Tena hatuna haraka. Frigo ndogo inayokula kwa wastani amperi 1.7 inamaliza karibu amperi-saa 40 kwa siku. Sharjeri ya 20 inarudisha hizo kwa saa mbili za barabara, ya 30 kwa saa moja na dakika 20. Mtu akikwambia nunua kubwa zaidi, muulize frigo yako inakula ngapi.

Mambo ya kuhakikisha na mekanisye kabla ya kulipa:

1. Kabulo ziwe za shaba kweli. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, amperi 30 kwenye waya wa milimita za mraba 6 zinapoteza karibu volti 0.9. Kwenye 16 zinapoteza 0.3 tu.
2. Fizibu iwe karibu na kila batri, pande zote mbili. Waya usio na fizibu ukigusa bodi ya gari, ni moto.
3. Sharjeri iwekwe mahali penye hewa, mbali na moteri, na ichaguliwe kwenye mpango wa LiFePO4.
4. Waya wa kuiamsha ufungwe kwenye kontakti, ili ifanye kazi wakati moteri inawaka tu.
5. Mkanda wa alternateri ukazwe vizuri. Ukiteleza, unaongeza joto.

Kama feza hazitoshi kwa batri na sharjeri pamoja, ushauri wangu ni kubakia na batri ya asidi kwanza, na kuongeza paneli ya jua juu ya paa, yenye regilateri yake. Paneli haigusi alternateri. Lithiamu itanunuliwa siku sharjeri pia iko kwenye bajeti, juu bila hiyo, akiba tuliyofanya leo tutailipa barabarani, mbali na garaji, huku frigo inapata joto.

Kama kikundi chako kinatayarisha gari ya namna hii, soma amperi zilizoandikwa kwenye alternateri na wati za frigo, tuletee hapa. Tutapiga hesabu pamoja.